Kuna Mwenye Lake?

Saa mbili na robo asubuhi mashine ilikataa kuchonga jiwe la mume wangu, na mtu wa kwanza niliyemtazama alikuwa wifi yangu.

Nilimtazama kama unavyomtazama paka aliyekaa karibu na sufuria iliyofunuliwa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, kikombe cha chai mkononi, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Kuna nini tena?"

"Mashine imegoma."

"Ikigoma ni kazi yako. Si wewe ndiye mtaalamu?" Akapiga funda. "Gari linakuja saa tisa. Likikuta jiwe halijachongwa, Mzee Patasi atachonga kwa mkono. Jina na tarehe mbili, basi."

Jina na tarehe mbili! Hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, na sasa kimeletwa mpaka mdomoni kwake bila hata kunyoosha mkono. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ameivuruga mashine kwa makusudi.

Ngojeni nieleze ugomvi wenyewe, maana msipoujua mtaniona mimi ndiye mbaya.

Kiwanda chetu kinachonga mawe ya makaburi. Kilianzishwa na baba mkwe, kikarithiwa na watoto wake wawili. Wifi alishika kaunta na wateja, mume wangu akashika mashine. Mimi niliolewa humo nikiwa nimesomea kompyuta, nikawekwa kwenye chumba hiki chenye dirisha dogo, kazi yangu kuchora maandishi ya mawe na kuitunza kompyuta inayoiongoza mashine. Ni kompyuta kuukuu yenye mfumo wa jamii ya Unix, ule usio na madoido, na aliyeuweka ni mume wangu kwa mikono yake. Nimekaa humo miaka kumi na moja, na miaka yote kumi na moja wifi ananiita "mgeni wetu." Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika mpaka mpini umelika, bado ni mgeni.

Mume wangu alikufa miezi kumi na moja iliyopita. Vumbi la mawe lilimkaa kifuani likamnyonga polepole. Mtoto hatukujaliwa. Ilipofika habari ya jiwe lake, wifi akaja na karatasi: jina, mwana wa fulani, alizaliwa lini, alikufa lini. Nikauliza, "Na mimi?" Akasema jiwe ni la ukoo, na kwamba kaka yake mwenyewe alitaka hivyo, aliandika hivyo yeye akiona kwa macho yake. Nikamwambia wewe ni mwongo. Nilimwambia mbele ya watu, na kesho yake nikarudia. Tukavutana miezi mitano, mpaka mama mkwe, ambaye hapendi kelele, akatuita wote wawili akasema, "Mke hafutwi. Andikeni 'mume wa', mtie na jina lake, mniache nipumzike."

Huo ndio mstari wa nne. Mzee Patasi, fundi wetu mkongwe, kwa mkono hawezi kuufikia kabla ya saa tisa, vidole vyake vimekakamaa siku hizi, na jiwe lilikuwa lisimikwe kesho yake asubuhi ukoo mzima ukiwepo. Likishasimikwa halirudi kiwandani. Kwa hiyo mnaelewa. Ama mashine ipone kabla ya saa saba, kwa kuwa kuchonga kunachukua saa mbili, ama mimi nifutwe.

Nikakaa kitini.

Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Iliyogoma ni programu inayousoma mchoro na kuupeleka kwenye kisu. Kabla ya kukata, programu hiyo huandika vifaili vidogo vidogo kwenye folda ya muda, kimoja kwa kila mkato wa kila herufi, halafu huvifuata kimoja baada ya kingine. Nilibonyeza mara nne, na mara nne ikanijibu maneno yaleyale: hakuna nafasi iliyobaki.

"Inasema hakuna nafasi," nikamwambia wifi, maana hakuwa ameondoka.

"Basi toa vitu."

"Nione kwanza kuna nini. Mimi sifuti kitu kabla ya kukijua."

"Hilo ni fumbo?"

"Ukiona limekugusa, ni lako."

Nikaiuliza kompyuta nafasi iliyopo. Ikanijibu kwamba theluthi mbili ya sehemu ile ni tupu kabisa. Nikauliza tena, jibu lilelile. Nafasi ipo, na programu inasema haipo.

"Kwa hiyo mashine inasema uongo," wifi akasema, na nikamsikia anavyofurahia.

"Katika chumba hiki anayesema uongo si mashine."

"Haya, tusi hilo nimelihesabu. Endelea."

Nikakagua ruhusa za folda. Labda kuna mtu amezibadili, na nilikuwa nikimjua mtu mwenyewe. Lakini zilikuwa sawasawa, vilevile alivyoziacha mume wangu: kila mtu anaweza kuweka chake, na hakuna anayeweza kuondoa cha mwenzake.

Hapo lazima niwaambie juu ya meza ya muda. Pale kiwandani, kando ya mlango mkubwa, kuna meza ndefu ya mbao. Ni sheria ya baba mkwe. Mtu yeyote anaweza kuweka kitu chake pale: kipande cha jiwe, glavu, kiolezo cha herufi, kazi aliyoiacha nusu. Wewe huruhusiwi kugusa cha mwenzako, hata kama kinakukera. Lakini kitu kikilala pale siku kumi, kinafagiwa, kwa sababu kilicholala kinakusanya vumbi na vumbi ndilo linalotuua. Kila Ijumaa, kabla ya ufagio kupita, Mzee Patasi husimama mbele ya meza akapaza sauti mara tatu: "Kuna mwenye lake?" Ukinyamaza mara tatu, limekwenda. Asiyekuwepo na lake halipo. Nimeona watu wazima wakikimbia toka chooni kwa ajili ya patasi ya kuazima.

Mume wangu aliichukua sheria ile akaiingiza kwenye kompyuta kama ilivyo. Folda ya muda ni ya wote, kila kitu ni cha mwenyewe, siku kumi, nje. Kompyuta nyingi huisafisha folda hiyo kila zikiwashwa upya, lakini yeye aliuzuia utaratibu huo, kwa sababu umeme huweza kukatika kisu kikiwa katikati ya jina la mtu, na bila vile vifaili huwezi kuendelea ulipoishia. "Usijali," aliniambia, "ufagio upo humu humu, unapita kila jioni." Sikumuuliza ufagio uko wapi. Ndoa ndivyo ilivyo, mnaachiana mambo, kila mtu anadhani mwenzake atakuwepo.

Saa nne ilinipita nikikagua kitu kimoja baada ya kingine. Nilizima nikawasha. Nilibadilisha mchoro nikaweka herufi moja tu, A, ikakataa hata A. Jasho lilikuwa likinitoka makwapani na wifi alikuwa ameshavuta kigoda, amekaa nyuma yangu, ananipumulia kisogoni.

"Umegusa nini humu?" nikamgeukia.

"Mimi?"

"Jana usiku ulibaki nyuma kufunga. Umegusa nini?"

"Mimi hata kuiwasha siijui!"

"Kuiharibu hakuhitaji shule!"

Mzee Patasi akaingia na miwani yake ya kazi juu ya paji la uso. Mashine ya kusaga imemla masikio miaka mingi, hivyo anapozungumza unadhani anamwita mtu ng'ambo ya barabara. "Mmepatana?"

"Hatujapatana!" tukajibu wote wawili kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu msiba.

"Basi nianze kunoa patasi?"

"Anza," akasema wifi.

"Thubutu!" nikasema. "Usiguse jiwe hilo."

Akatutazama mmoja mmoja, akaegemea mlango, akabaki pale.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningeliuliza saa mbili na robo kama hasira isingenitangulia. Nilikuwa nikiuliza ukubwa wa nafasi. Nikauliza idadi ya mafaili. Jibu likaja: laki sita na elfu hamsini na tano na zaidi. Nafasi za mafaili mapya zilizobaki: sifuri.

Nikajishika kichwa. "Loo, mjinga mimi!"

"Hilo sikupingi," wifi akasema. "Limekuwaje?"

"Diski inagawa namba kwa kila faili, hata likiwa dogo kama chembe. Ni kama ukumbi wenye tiketi mlangoni. Viti vitupu tele, lakini tiketi zimekwisha, huingii. Vile vifaili vya mikato vimejaa humu laki kwa laki. Havijafagiwa."

"Tangu lini?"

Swali zuri, na lilikuwa la kwanza zuri kutoka kwake siku hiyo. Nikautafuta ufagio. Haukuwa kwenye akaunti yangu, haukuwa kwenye ya msimamizi wa mfumo. Niliukuta kwenye akaunti ya marehemu. Aliuandika kwa jina lake, akaupa ruhusa ya kuondoa vya wote vilivyopita siku kumi, ukawa unaamka kila siku saa kumi na moja jioni na kufanya kazi. Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Saa kumi na moja, umefagia. Saa kumi na moja, umefagia. Halafu ikafika siku moja, na tangu siku hiyo kila jioni ni mstari mmoja: akaunti hii imefungwa, kazi haikufanyika. Mara mia tatu na kitu. Kila jioni mfumo ulikuwa ukimwita mume wangu aje afagie, ukaambiwa haruhusiwi kuingia.

Nilikaa nikiitazama mistari ile mpaka macho yakaniuma. Halafu nikageuka.

"Wewe," nikamwambia wifi. "Wewe ndiye uliyesema akaunti yake ifungwe. Siku ya tatu ya msiba, watu hawajatawanyika, ukaja hapa: mtu amekufa, jina lake linafanya nini kwenye skrini!"

"Nilisema."

"Umekubali!"

"Mdomo ulikuwa wangu. Mkono ulikuwa wa nani?"

Mkono ulikuwa wangu. Nilikaa kwenye kiti hiki hiki, nikaandika amri, nikaiwekea akaunti mwisho wake siku ile, nikabonyeza. Niliifanya kwa ukali, kumwonyesha yeye kwamba mimi si wa kulialia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilijishonea.

"Sawa," nikasema. "Nafagia."

Lakini nilikuwa nimelelewa na ile meza. Hata katika hasira sikuweza kupitisha ufagio bila kuuliza ni vya nani. Nikaiambia kompyuta inipangie vitu vyote kwa majina ya wenyewe. Laki sita na elfu hamsini vilikuwa vya mashine. Vichache vilikuwa vyangu, vya juzi. Na sita vilikuwa na jina la mume wangu.

Tarehe yake ilikuwa siku sita kabla hajafa.

Niliikumbuka siku hiyo. Aliamka akasema anajisikia nafuu, anataka kwenda kiwandani kuangalia jiwe la mteja. Nilimkatalia, akanishinda. Nikamwacha hapa, nikaenda kupanga foleni ya dawa zake mpaka jioni. Akaja akafa, siku ya tatu nikafunga akaunti, na vitu vyake humu vilikuwa na siku tisa. Vilibakiza siku moja tu vifagiwe.

"Fungua," wifi akasema.

"Nitafungua nikitaka."

"Ni vya kaka yangu."

"Ni vya mume wangu."

Nikafungua cha mwisho, maana ndivyo tunavyofanya na wateja. Mtu hubadili mawazo mara kumi, wewe unachonga la mwisho.

Ulikuwa mchoro wa jiwe. Jina lake. Mwana wa fulani. Tarehe aliyozaliwa. Mbele yake aliacha nafasi tupu, nafasi ya tarehe. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu akichora jiwe lake mwenyewe, na mimi nipo kwenye foleni. Nikatafuta mstari wa nne. Haukuwepo.

Wifi ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo. "Nilikuambia." Halafu ikapanda. "Nilikuambia! Miezi mitano unaniita mwongo. Mbele ya mama! Mbele ya wateja wangu! Haya, soma! Soma kwa sauti, na Mzee Patasi asikie!"

"Nimeona!" akapiga kelele Mzee Patasi, ambaye hakuwa ameona kitu.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Halafu ikageuka hasira, na ajabu, haikumwendea wifi. Ilimwendea marehemu. Nilimshikia beseni huyu mtu. Nilimgeuza kitandani usiku na mchana, nilimlaza kifuani kwangu akiwa amekaa kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Yeye akapata nguvu siku moja, siku moja tu, akaja hapa kujiandika kapera!

"Mwanamume mzima!" niliiambia skrini. "Huna haya!"

Nikafungua mchoro wa leo, ule ulioidhinishwa na mama mkwe. Nikaenda mpaka mstari wa nne nikauchagua wote, ukawa wa bluu. "Sitaki jiwe la kuombaomba. Aliyenitoa amenitoa. Nikishafuta, chongeni mtakavyo."

"Unafanya nini?" Mzee Patasi akauliza.

"Najifuta."

Nilingoja wifi acheke. Hakucheka. Aliinama juu ya bega langu, akanyoosha kidole chenye chai kwenye skrini, kwenye ile orodha ya vitu sita.

"Hivi vingine vitano ni nini?"

"Ni hivyo hivyo. Programu inaweka nakala kila mtu akihifadhi."

"Mbona saa zake mbalimbali?"

"Sijui, wifi. Umeshinda, kanywe chai yako."

"Fungua."

Nikafungua, ili aniondokee. Cha kwanza, saa nne na dakika kumi. Jina lake, mwana wa fulani, tarehe, na chini yake: mume wa. Na jina langu, limeandikwa lote, na jina la baba yangu ameliongeza.

Cha pili, saa nne na dakika kumi na nne. Mstari haupo.

Cha tatu, saa nne na ishirini. Mstari upo. Cha nne, saa nne na nusu, haupo. Cha tano, saa tano kasoro dakika tisa. Upo. Cha sita ni kile nilichokifungua mwanzo, saa tano na dakika kumi.

Sikuelewa. Nikadhani ni ugonjwa, pengine dawa zilimvuruga. Nikageuka kumuuliza wifi kama siku ile alimwona amechanganyikiwa, nikamkuta amerudi kwenye kigoda chake, kikombe amekishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyemwambia atoe," akasema.

"Nini?"

"Niliingia nikamkuta ameandika. Nikamwambia, toa hiyo, jiwe la baba lenyewe halina jina la mama. Akasema sawa dada. Akatoa, nikaona. Kengele ya kaunta ikalia nikatoka." "Niliporudi nikaukuta tena. Nikadhani sikuona vizuri mara ya kwanza. Nikamwambia toa. Sawa dada. Nikatoka tena."

"Akaurudisha."

"Mshenzi yule!" Sauti yake ilikatika katikati. "Sawa dada, sawa dada, nikigeuka tu! Tangu mtoto alikuwa hivyo hivyo. Mbele yako anakubali, nyuma yako anafanya lake. Mara ya tatu nilikuwa na mteja, mama mmoja hajui anataka herufi gani, akanishika muda. Kurudi, upo! Nikamfokea mgonjwa wa watu. Akatoa."

Nilikuwa nahesabu. Kutoka cha tano mpaka cha sita ni dakika kumi na tisa. Halafu hakuna tena. "Na baada ya hapo?" nikauliza. "Saa tano na dakika kumi. Kutwa nzima ilikuwa imebaki. Mbona hakuurudisha?"

Wifi alitazama ndani ya kikombe.

"Mara ya mwisho sikutoka," akasema. "Nilikaa hapa hapa. Nilikaa mpaka tukafunga."

Nilitaka kumpiga kofi. Nalisema wazi, na kiganja kilikuwa kimeshakunjuka. Hata yule marehemu nilitaka kumpiga. Ulimi ulikuwa wako, ungemwambia tu hapana dada, neno moja, kuliko kungoja mtu atoke chumbani kama mwizi wa sukari! Sikumpiga mtu. Niliuachia ule mstari wa bluu, nikaufunga mchoro bila kubadili kitu.

Ukutani ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

"Leo Ijumaa," Mzee Patasi akapaza sauti kutoka mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani, lakini macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa ya vumbi. "Mnafagia ama hamfagii?"

"Tunafagia," nikasema.

Basi akafanya anachokijua. Akajiweka sawa mbele ya ile kompyuta kana kwamba ni meza, akavuta pumzi. "Kuna mwenye lake?"

Hakuna aliyejibu.

"Kuna mwenye lake?"

Nikamtazama wifi. Cha sita kilikuwa chake kuliko cha mtu mwingine yeyote. Angeweza kukidai, akaenda nacho kwa mama. Aliendelea kutazama kikombe.

"Kuna mwenye lake?"

"Mimi," nikasema. Nikakihamisha cha tano, kile kilichodumu dakika kumi na tisa, nikakiweka kwenye folda yangu, ambako ufagio haufiki. Wifi aliona nimechukua kipi.

Vilivyobaki nikavifagia kwa mamlaka ya msimamizi. Vitu laki sita haviondoki kwa mkupuo. Amri ya kawaida ilikataa ikasema orodha ni ndefu mno, ikabidi nivitoe mafungu mafungu, na nilikaa robo saa nikiangalia tiketi zikirudi mlangoni, elfu kumi, elfu hamsini, laki. Katikati ya kungoja nikauhamishia ufagio kwenye akaunti yangu, saa kumi na moja jioni, kila siku.

"Na wewe ukifa?" wifi akauliza. Bado alikuwa yeye.

"Nikifa utafagia wewe. Na usimwambie mtu anifungie siku ya tatu."

Nikabonyeza. Saa saba kasoro dakika kumi na tano mashine ikaamka. Mzee Patasi alipiga kofi moja akaenda zake kurudisha patasi zake sandukuni. Sisi wawili tukabaki mbele ya kioo kinachozuia vumbi la mashine lisiingie chumbani, tunatazama kisu kikishuka kwenye jiwe la kijivu. Jina lake lilichukua karibu nusu saa. Mwana wa fulani, muda kama huo. Tarehe zote mbili, na ile ya pili ambayo yeye aliiachia nafasi.

Kisu kikainuka, kikasogea kushoto, kikasimama juu ya mahali pa mstari wa nne kikisubiri vifaili vyake.

Wifi aliweka kikombe chini. Akajifuta mikono kwenye gauni, akaufungua mlango wa chumba, akatoka, akaufunga nyuma yake. Kaunta haikuwa na mteja, kengele haikuwa imelia. Nilimwona kupitia dirisha dogo amesimama uani peke yake, amenipa mgongo, mpaka mstari ulipokwisha.